Mstari wa Nne wa Wimbo wa Mavuno

Ndama, siku moja kabla ya safari yako

Kwako Kemilembe, binti yangu,

Leo nakuanza mimi kwa salamu, maana shikamoo yako ya jana asubuhi niliiitikia kama naitikia ya mpita njia, na mpaka sasa imenikaa kooni. Marahaba, mwanangu. Marahaba sana.

Barua hii nitaificha ndani ya sanduku lako, chini ya gauni jeupe. Nakujua. Lori la Mzee Salum halitakuwa limemaliza kilima cha kwanza na wewe utakuwa umeshafungua sanduku kutafuta senene. Wamo kwenye kikopo, nimewanyonyoa mabawa na kuwakaanga mwenyewe, na hakuna mtu hapa Ndama anayekaanga senene wakabaki wakavu namna ile. Kula huku unasoma. Mambo ya sabuni, ya kulala na nywele mbichi, ya kuwasalimu wakubwa, tumeshasema mpaka nikachoka mwenyewe kujisikia. Sirudii.

Ninaandika mchana, nyumba ikiwa kimya, wewe na baba yako mkiwa bado njiani kutoka Kimuli kwa bibi yako. Nimechoka, Kemi. Goti la kushoto linauma, lile la kukanyagia kinanda, na tangu asubuhi nimekuwa nikianua kahawa na kuianika tena kila wingu likipita. Lakini usipoyapata maneno haya sasa, yatanilemea, kwa sababu wiki ijayo utakaa mbele ya piano ya shule, na yule mwalimu wa muziki ataamua kama nafasi yako ni yako au apewe msichana mwingine. Sitaki ukae pale ukiwa na hasira yangu mgongoni.

Basi nianze na juzi.

Ulikuwa kanisani peke yako, unajizoeza. Mimi napita na mkungu wa ndizi kichwani, nikakusikia. Nikasimama dirishani nikapaza sauti kama kawaida yangu: "Vizuri sana, mwanangu! Vizuri!" Na wewe, bila hata kugeuka, ukasema: "Mama, nyamaza kwanza. Bado nasikiliza."

Nikautua mkungu chini.

"Unamwambia nani anyamaze?" nikakuuliza. "Kwenye kinanda nilichokufundisha mimi?"

Ukasimama haraka. "Nisamehe mama, sikukusudia."

"Nenda huko shuleni kwenu ukawaambie walimu wanyamaze. Tuone."

Tukala jioni ile. Baba yako alijaribu kutuchekesha na habari za yule fahali wake, hakuna aliyecheka, akaenda kumalizia kicheko chake kwa ng'ombe wenyewe. Jana mkaondoka kwa baiskeli, na mimi nikabaki na nyumba.

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata baba yako.

Unajua mimi ni mwanamke wa kwanza kupiga kinanda katika kanisa letu. Si kwamba najisifu, ni habari ya kweli, kila mtu anaijua. Nilikuwa na madarasa manne, lakini manne ya wakati ule, siyo haya ya sasa ambayo mtoto anatoka hajui kuandika jina la kijiji chake. Mama Mchungaji, yule Mzungu aliyekuja na kinanda kimefungwa kwa magunia, alitujaribu wasichana wanane. Wenzangu walikanyaga, wakasahau vidole. Au walikumbuka vidole, upepo ukaisha kinanda kikalia kama mbuzi. Mimi siku ya kwanza nilikanyaga na kupiga kwa pamoja. Mama Mchungaji akasema, "Huyu." Neno moja tu. Nikalibeba hadi nyumbani, nikalala nalo, na nadhani sijaamka bado.

Alikuwa na desturi yake. Ukimaliza wimbo, unaweka mikono mapajani, unakaa kimya kidogo, halafu yeye anauliza: "Umepigaje?" Na hasemi lake mpaka wewe umesema lako. Wasichana wengine walikuwa wanasema, nimekosa pale, nimekimbia pale. Mimi nilikuwa nasema, "Vizuri sana, Mama." Kila siku. Ananitazama, anasema, "Vizuri wapi?" Nasema, "Kote." Anacheka kidogo, siyo kicheko cha furaha, kisha ananionyesha na kidole chake. Nilidhani anatafuta makosa kwa sababu ni kazi yake. Nilidhani kusema nimekosa ni kujitukana mbele ya mgeni.

Mwaka wa pili aliugua akarudi kwao. Kinanda kikabaki na mimi. Tangu hapo hakukuwa tena na wa kuniuliza nimepigaje.

Unaujua wimbo wa mavuno. Unaujua mstari wa nne, pale mkono wa kushoto unapotakiwa kutoka mbali kule chini na kuruka hadi kwenye kile kibao cheusi. Mkono wangu haukuwahi kufika kwa wakati. Tangu usichana. Nilikuwa naushikilia mlio wa nyuma kwa miguu, naukanyagia upepo, huku kidole kinatafuta njia, kisha nikikipata naendelea. Ni kitambo kidogo tu, kama mtu anayeruka dimbwi. Na waimbaji nao, kwa adabu, wakawa wananingoja. Mwaka wa kwanza walikuwa wananingoja. Mwaka wa tatu walikuwa wanaimba hivyo. Mwaka wa kumi watoto wamezaliwa wakaukuta wimbo una pumziko pale. Kanisa zima linavuta pumzi mahali ambapo hakuna mahali pa kuvuta pumzi, na Mama Eliasi na sauti yake ya pili anaivuta kwa madaha kabisa, amefumba macho, kana kwamba ndipo utamu wote ulipo.

Na mimi nikawa nasikia watu mia mbili wanaimba pamoja bila kupishana, nikasema moyoni, sikia jinsi ninavyopiga.

Sijui kama unanielewa. Nilikuwa nawasikia wao nikadhani najisikia mimi.

Mzee Salum aliniambia, unajua? Yule si wa kanisa letu, Ijumaa yake iko palepale, lakini duka lake linatazamana na kanisa na kila Jumapili anatusikia akiwa kwenye kiti chake. Siku moja nimeenda kununua mafuta ya taa akasema: "Mama Kemi, wimbo wenu ule mzuri, lakini kuna mahali unapumzika kama lori langu kwenye kilima cha mto. Mnashusha abiria?"

Nikamjibu, "Mzee Salum, wewe pima mafuta."

Tukacheka wote wawili. Nilirudi nyumbani nikamsimulia baba yako kama mzaha. Mtu pekee ambaye hakuwa anaimba na sisi ndiye aliyesikia, na mimi nikampeleka kwenye mizaha.

Halafu walikuja wale wageni, kwaya ya kutoka upande wa Bukoba, ulikuwa na miaka sita au saba. Tuliwapokea vizuri, kahawa ya kutafuna, ndizi, maziwa, kila kitu. Tukaimba nao wimbo wa mavuno, mimi kwenye kinanda. Tulipofika mstari wa nne, wao wakapita. Sisi tukabaki. Kanisa likawa kama kundi lililokatwa na mto, nusu ng'ambo, nusu huku, kila mmoja anaita. Kiongozi wao, kijana mpole, alinifuata baadaye, akaniambia kwa heshima, "Mama, pale kwenu mnasubiri." Nikamwambia, "Pale kwenu mnakimbia." Mbele ya watu. Watu wa kwetu wakapiga vigelegele. Kijana akainamisha kichwa, akanywa maziwa yake.

Nilishinda. Nilitembea wiki nzima shingo ndefu. Leo nikimkumbuka yule kijana na kibuyu chake cha maziwa naona haya, na sina hata namna ya kumpelekea salamu.

Sasa wewe. Nilikufundisha ukiwa na miaka tisa, miguu haifiki, mimi nakanyaga wewe unapiga. Ulikuwa na mkono mrefu kuliko wangu tangu utoto. Ungeweza kufika kwenye kile kibao cheusi kwa wakati. Lakini miguu ilikuwa yangu, na nilipofika pale nilishikilia upepo kama nilivyozoea, na mkono wako ukajifunza kungoja. Umenielewa, Kemi? Mkono wako haukukosa. Ulifundishwa kungoja na mtu asiyejua kwamba anangoja.

Na kila ukimaliza, nikasema vizuri. Ukipiga vizuri, vizuri. Ukipiga ovyo kwa sababu unataka kukimbilia senene wameanguka, vizuri. Nilijua nakupenda. Sikujua kwamba nakunyima swali la Mama Mchungaji, lile nililolikwepa mwenyewe.

Yule mwalimu wa muziki alipokuja kanisani kuwajaribu wasichana, mama yule mrefu wa miwani, nilikuwa dirishani, unakumbuka. Ulipiga, akakuuliza, "Umepigaje?" Maneno yaleyale. Na wewe badala ya kumjibu ulinitazama mimi. Binti wa miaka kumi na saba anaulizwa amepigaje, anatazama dirishani. Nikaitikia kwa kichwa kukuambia vizuri. Ukamwambia, "Vizuri sana."

Alinifuata nje. "Mama," akasema, "mtoto ana vidole. Lakini hajisikilizi. Nitamchukua kwa majaribio, nimpime tena akifika. Kama bado hivi, nafasi nitampa mwingine."

"Hajisikilizi?" nikasema. "Huyu? Waulize watu kutoka hapa mpaka Kimuli."

"Siwaulizi watu wa Kimuli, mama. Namuuliza yeye."

Nilimtukana yule mama jioni nzima, unajua, ulikuwa unanisikiliza. Nilisema ana wivu. Mtu ana piano ya shule nzima, atakuwa na wivu wa nini na kinanda chetu ambacho panya wamezaa ndani yake na kibao kimoja kimekufa?

Lakini neno lake halikunitoka. Kwa hiyo ile Jumamosi uliponiomba nikae kanisani nikusikilize, sikukaa karibu yako kama siku zote. Miguu ilikuwa imechoka, nikakaa benchi la mwisho kabisa, la wachelewaji. Kanisa tupu. Hakuna Mama Eliasi, hakuna mtu. Ukapiga wimbo wa mavuno, wewe mwenyewe miguu na mikono. Ukafika mstari wa nne, ukasimama, ukaruka dimbwi lako, ukaendelea.

Nilijisikia, Kemi. Miaka yote hiyo, kwa mara ya kwanza, nilijisikia mimi ninavyopiga. Ilikuwa ni mimi kabisa, hata ile namna ya kuongeza upepo kufunika aibu. Nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili.

Ukageuka ukaniuliza, "Mama, vipi?"

Nikasema, "Vizuri sana, mwanangu."

Hilo ndilo kosa langu. Yale ya nyuma nilikuwa sijui, anayetaka kunisamehe anaweza. Lile la benchi la mwisho nilijua. Niliogopa kwamba nikikuambia hapo pana kosa, utauliza nimelipata wapi, na nitakosa pa kutazama.

Wewe hukuniamini. Nashukuru. Uliitikia, lakini siku ya pili nikakuta umekaa pale, mikono mapajani, kimya. Sijawahi kukusimulia desturi ya Mama Mchungaji. Umeipata wapi? Labda kwa yule wa miwani. Labda mtu akitaka kweli kusikia, mwili wenyewe unakaa hivyo.

Nimekuwa nikijiuliza tangu jana kwa nini mimi, mwenye masikio haya, sikuweza. Maana masikio ninayo. Hapa unijibu kwa haki: kuna mwanamke anayenishinda kusuka maziwa? Hakuna. Bibi yako mwenyewe, ambaye hanisifu kwa lolote, kwa siagi alinyoosha mikono. Nikilaza kibuyu kwenye ngata nikaanza kukisukasuka, siangalii ndani, siwezi kuangalia ndani, kimezibwa. Nasikiliza. Kwanza maziwa ni mazito, yanavuta. Halafu yanakuwa mepesi, yanapiga makofi. Halafu unasikia kitu kinagonga ukuta wa kibuyu, du, du, siagi imeshikana, na hapo unaacha palepale. Ukipitiliza imeharibika. Wewe ulilijua hilo ukiwa na miaka saba, ulikuwa unaniambia, "Mama, tayari," na ilikuwa tayari kweli.

Mara moja tu nilipitiliza. Nilikuwa bi harusi hapo Kimuli, wageni wamekaa uani wanasifu mikono yangu, jinsi ninavyokaa, shingo yangu. Nikawa nasuka huku nawasikia wao. Bibi yako alipofungua kibuyu alinionyesha tu kile kilichotoka, akaenda kuwapa mbwa. Kuanzia siku ile, nikisuka, hata aje mgeni gani, sijiulizi kama mimi ni msukaji mzuri. Nasikiliza maziwa.

Na kinanda kiko kanisani hatua mia tu kutoka kibuyu kilipo, na sikuwahi kubeba masikio yale kuvuka uwanja.

Juzi ulikuwa umeyabeba. Hapo dirishani, kabla sijapaza sauti, nilikuwa nimesimama muda. Nilikusikia ukipiga mstari wa nne peke yake, ukakwama. Ukaweka mikono mapajani. Ukauimba kwa mdomo, bila kinanda, na mdomo wako haukungoja, ulipita sawa. Ukapiga mkono wa kushoto tu, polepole mpaka nikachoka kusimama na mkungu. Ukanyamaza tena. Ukapiga, ukakwama, ukasema kwa sauti, "Hapana, nimenyanyua mapema." Hukujitukana, hukulia. Ulisema kama mtu anavyosema mvua bado. Ukarudia. Ukarudia. Na ule wa mwisho mkono ulitoka mbali kule chini, ukafika.

Ukafika kwa wakati, Kemi. Kibao kile cheusi, mahali pake. Sijawahi kukisikia kinanda kile kikipita pale tangu mikono ya Mama Mchungaji.

Ndipo nikapiga kelele. Na ndipo uliponiambia ninyamaze, kwa sababu ulikuwa hujamaliza kuusikia. Nami nikatwaa hasira, kwa kuwa vizuri yangu ya kwanza ya kweli maishani ilikuwa haihitajiki.

Hukunikosea adabu. Nimeandika. Mpe na baba yako asome kama hataamini.

Jumapili ijayo ni wimbo wa mavuno, nitapiga mimi. Nimeamua kusimama kabla, niwaambie: ndugu zangu, pale kwenye mstari wa nne hakuna pumziko, ni mkono wangu tu, mmeungoja muda mrefu, sasa basi. Mama Eliasi atacheka mpaka kahawa yote iishe mitini. Nitamwita na Mzee Salum asikie akiwa kwenye kiti chake. Nimejaribu asubuhi ya leo, kwa mtindo wako, mkono mmoja, polepole. Umefika mara mbili kati ya nyingi. Vidole vyangu vimezeeka kwa kungoja, lakini vitafika, au nitapiga bila ule mlio na niendelee, liwalo na liwe. Watajikwaa Jumapili mbili tatu. Ngoja nione uso wa Mama Eliasi akiwa ameachwa na pumzi yake.

Nasikia kengele ya baiskeli ya baba yako kule kwenye migomba, anaipiga bila sababu kama kawaida. Nitawaambia karibuni, nitaitikia shikamoo yako vizuri, na ya barua sitayataja, maana mdomo wangu unajua neno moja tu la kukuambia na umeshalisikia mno.

Wiki ijayo ukimaliza kupiga, yule mama wa miwani atakuuliza umepigaje. Weka mikono mapajani. Usitazame dirishani, mwanangu, sipo. Niko huku Ndama, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe, nimenyamaza.

Sikiliza.

Mama yako